Kidole Tumbo: Maumivu ya Tumbo Yasiyofaa Kusubiri Kesho

Tumbo likiuma, kila nyumba ina dawa yake. Kuna wanaochemsha majani ya mpera, kuna wanaonunua vidonge vya minyoo dukani, kuna wanaokwenda kukandwa, na kuna wanaolala wakitumaini kuwa asubuhi kutakuwa na nafuu. Mara nyingi nafuu huja kweli, kwa sababu maumivu mengi ya tumbo huisha yenyewe. Lakini kuna maumivu ambayo kila saa inayopita humsogeza mgonjwa karibu na hatari. Haya ni maumivu ya kuvimba kwa kidole tumbo, ugonjwa ambao wengi huuita apendiksi.

Ugonjwa huu unatibika. Upasuaji wake ni miongoni mwa ule wa dharura unaofanywa mara nyingi zaidi duniani, na mgonjwa aliyefika hospitalini mapema kwa kawaida hurudi nyumbani baada ya siku chache tu. Anayepata taabu kubwa, na wakati mwingine kupoteza maisha, ni yule aliyechelewa. Ndiyo maana makala haya yanawaeleza wakazi wa Kaunti ya Kilifi namna ya kuutambua ugonjwa huu, yanayofanyika hospitalini, na mambo ya kutayarisha kabla dharura haijabisha hodi.

KIDOLE TUMBO NI NINI?

Kidole tumbo ni kijirija chembamba, chenye urefu unaokaribia ule wa kidole cha mkono, kilichoning'inia mahali utumbo mpana unapoanzia. Kwa watu wengi kiko upande wa kulia, chini ya kitovu. Upande mmoja kiko wazi kuelekea kwenye utumbo, na upande wa pili kimezibika kama kidole cha glavu.

Umbo hilo ndilo chanzo cha tatizo. Mlango wake ukizibwa, uchafu na ute hukwama ndani. Kinachoziba kinaweza kuwa kipande kigumu cha kinyesi, uvimbe wa tezi ndogo za ndani yake baada ya maambukizi, au minyoo. Bakteria huzaliana, kidole hujaa na kuvimba, damu hushindwa kupita vizuri kwenye kuta zake, na mwishowe ukuta huoza na kutoboka. Usaha na kinyesi humwagika tumboni. Hapo ugonjwa wa sehemu ndogo hugeuka kuwa ugonjwa wa tumbo zima.

Ugonjwa huu unaweza kumpata mtu wa umri wowote, mwanamke au mwanamume, lakini huonekana zaidi kwa watu wa kati ya miaka 10 na 30. Kwa maneno mengine, huwashika sana wanafunzi na vijana walio kazini.

MAUMIVU YANAYOHAMA

Dalili inayotofautisha kidole tumbo na maumivu mengine ni safari yake. Mara nyingi maumivu huanza karibu na kitovu, yakiwa ya kuvuta na yasiyo na mahali maalumu. Mgonjwa hushindwa kuonyesha kwa kidole kimoja panapouma. Baada ya saa kadhaa, kwa kawaida ndani ya siku moja, maumivu huhama na kukaa upande wa kulia, chini. Sasa huwa makali, na mgonjwa anaweza kuonyesha hasa yalipo.

Dalili nyingine zinazoandamana nayo ni hizi:

• Kukosa hamu ya chakula. Hata mtoto anayependa kula hukataa chakula.
• Kichefuchefu na kutapika. Kwa kawaida maumivu hutangulia, na kutapika hufuata.
• Homa, ambayo mwanzoni huwa ndogo.
• Kufunga choo, au kuhara kidogo.
• Maumivu kuzidi mgonjwa anapokohoa, anapocheka, anapotembea au anapotikiswa.
• Kutembea akiwa ameinama na kushika upande wa kulia, au kulala akiwa amekunja miguu.

Dalili ya kutikiswa inafaa kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliopita juu ya matuta ya barabarani wakielekea hospitalini. Kati ya 34 waliothibitishwa kuwa na kidole tumbo kilichovimba, 33 walisema maumivu yalizidi gari lilipopanda tuta. Wengi wasiokuwa na ugonjwa huo pia waliumia, kwa hivyo tuta haliwezi kuwa kipimo peke yake. Lakini mgonjwa anayepiga kelele kila bodaboda inaporuka shimo anatoa habari ambayo daktari anahitaji kuisikia.

Si lazima mgonjwa awe na dalili zote. Maumivu yaliyodumu saa kadhaa, yanayozidi badala ya kupungua, na yaliyokaa upande wa kulia chini, yanatosha kumpeleka mtu hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

WATU WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Watoto wadogo. Mtoto wa chini ya miaka 5 hawezi kueleza kuwa maumivu yamehama. Analia, anatapika, anapata homa, anakataa kuguswa tumbo. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine ya watoto, wengi wa umri huu hufikishwa hospitalini kidole kikiwa kimeshapasuka.

Wajawazito. Mimba inapokua huweza kukisukuma kidole tumbo juu, na maumivu yakawa mahali tofauti na pale panapotarajiwa. Kichefuchefu nacho hudhaniwa kuwa ni cha mimba. Mjamzito mwenye maumivu makali ya tumbo upande wa kulia asiambiwe avumilie. Kidole kikipasuka, mama na mtoto wote wako hatarini, na upasuaji unaweza kufanyika katika kipindi chochote cha mimba.

Wazee, na wenye kinga dhaifu ya mwili. Homa yao huweza kuwa ndogo na maumivu yasiwe makali, huku ndani hali ikiwa mbaya. Kwao, maumivu kidogo yanayoendelea yachukuliwe kwa uzito.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAYO

Si kila maumivu ya upande wa kulia ni kidole tumbo. Mawe ya figo, maambukizi ya njia ya mkojo, na maambukizi ya utumbo huweza kuleta maumivu yanayofanana. Kwa wanawake kuna pia uvimbe wa ovari, maambukizi ya viungo vya uzazi, na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hiyo ya mwisho nayo ni dharura inayoweza kuua kwa kutoka damu ndani kwa ndani. Hivyo mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu hayo hupimwa mimba, na asilichukulie swali hilo kama kutiliwa shaka.

Kuna pia majina yanayotolewa nyumbani kabla ya mgonjwa kupimwa. Mtu huambiwa ana vidonda vya tumbo, ana taifodi, ana ngiri au mchango umempanda. Kila jina huja na dawa yake, na kila dawa hula siku moja au mbili. Kwa ugonjwa huu, siku hizo mbili ndizo zenye thamani zaidi. Hatari ya kidole kupasuka huongezeka kadiri muda unavyopita, hasa saa 36 hadi 48 tangu maumivu kuanza, na kwa baadhi ya watu hutokea mapema zaidi.

MAMBO YA KUEPUKA NYUMBANI

1. Usimpe mgonjwa haluli wala dawa nyingine ya kuendesha, na usimpige bomba la maji. Utumbo ukilazimishwa kusukuma, kidole kilichovimba kinaweza kupasuka.

2. Usimkande wala kumchua tumbo.

3. Usinunue antibiotiki dukani ili ujaribu. Dozi nusunusu huweza kupunguza dalili kwa muda na kumfanya daktari apate kazi kumtambua mgonjwa, huku ugonjwa ukiendelea.

4. Usitumie dawa za maumivu kama kisingizio cha kubaki nyumbani. Ukishameza yoyote, mwambie mhudumu jina lake na saa uliyoimeza. Usiogope kugombezwa.

5. Usimlishe mgonjwa chakula kizito ukimshawishi apate nguvu. Ikiwa atahitaji upasuaji, tumbo linapaswa kuwa tupu.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni nafuu ya ghafla. Mgonjwa aliyekuwa akigaagaa kwa maumivu anaweza kutulia ghafla na kusema amepona. Wakati mwingine utulivu huo ni kwa sababu kidole kimepasuka na shinikizo la ndani limeisha. Baada ya saa chache maumivu hurudi yakiwa ya tumbo zima, tumbo likakakamaa kama ubao, homa ikapanda na mapigo ya moyo yakaenda mbio. Mgonjwa wa namna hiyo hana muda wa kupoteza.

UKIFIKA HOSPITALINI

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwa wakazi wa maeneo ya mbali kama Ganze na Magarini. Muuguzi au afisa wa kliniki atamkagua mgonjwa, kumwanzishia huduma ya kwanza na kumpa rufaa. Muulize kuhusu usafiri wa ambulensi kabla ya kuamua kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda. Upasuaji wenyewe hufanyika katika hospitali kubwa zenye chumba cha upasuaji, kama Hospitali ya Kaunti iliyoko Kilifi mjini na ile ya Malindi. Kama dalili ziko wazi na hospitali iko karibu, nenda moja kwa moja. Namba za dharura za 999 na 112 hupigwa popote nchini.

Kipimo cha kwanza cha daktari ni masikio na mikono yake. Atauliza maumivu yalianza saa ngapi, yalianzia wapi, yako wapi sasa, na kama mgonjwa ametapika. Kisha atabonyeza tumbo taratibu. Sehemu anayoitafuta zaidi iko kati ya kitovu na mfupa wa nyonga ya kulia, karibu theluthi moja ya njia kutoka kwenye mfupa huo. Sehemu hiyo inaitwa kwa jina la Charles McBurney, daktari wa New York aliyeieleza mwaka 1889. Daktari huweza pia kubonyeza na kuachia ghafla. Maumivu yakizidi wakati wa kuachia, ni ishara kuwa utando wa ndani ya tumbo umeathirika.

Vipimo vinavyofuata kwa kawaida ni hivi:

• Damu, ili kuona kama chembe nyeupe zimeongezeka.
• Mkojo, ili kutafuta maambukizi ya njia ya mkojo au dalili ya mawe ya figo.
• Mimba, kwa wanawake wa umri wa kuzaa.
• Picha ya ultrasaundi, ambayo haina mionzi na inafaa kwa watoto na wajawazito.
• Picha ya CT, katika hospitali zilizo na mashine hiyo, pale ambapo daktari bado ana shaka.

Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu la uhakika peke yake. Damu inaweza kuonekana sawa na mgonjwa akawa na kidole kilichovimba. Ndiyo sababu daktari anaweza kumlaza mtu na kurudi kumbonyeza tumbo baada ya saa kadhaa. Kufanya hivyo si kumtelekeza mgonjwa. Ni sehemu ya uchunguzi.

MATIBABU

Ugonjwa ukithibitishwa, mgonjwa hazuiwi tu kula na kunywa. Huwekewa maji ya mshipa, hupewa dawa ya maumivu na antibiotiki, kisha hutayarishwa kwa upasuaji wa kuondoa kidole hicho.

Kuna njia mbili za upasuaji. Ya kwanza ni kupasua sehemu ndogo upande wa kulia chini, kukitoa kidole na kushona. Ya pili hutumia matundu madogo, kamera na vifaa vyembamba. Hii ya pili humwachia mgonjwa makovu madogo na humwezesha kurudi kazini mapema, lakini inahitaji mitambo na wataalamu ambao hawapo katika kila hospitali. Zote mbili zinatibu. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ganzi ya mgongoni, na pale ambapo hakuna matatizo upasuaji huchukua karibu saa moja.

Wakazi wengine wamesikia kuwa antibiotiki peke yake zinaweza kutibu kidole tumbo. Kuna ukweli ndani yake, na kuna mipaka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa watu wazima wengi waliotibiwa kwa antibiotiki walipata nafuu bila kupasuliwa mwanzoni, lakini takriban 3 kati ya kila 10 walifanyiwa upasuaji ndani ya siku 90. Nchini Ufini, wagonjwa waliotibiwa hivyo walifuatiliwa kwa miaka 5, na karibu 4 kati ya 10 walipatwa na ugonjwa huo tena. Wagonjwa hao walikuwa wamechaguliwa baada ya kupigwa picha, na walianza matibabu chini ya uangalizi wa madaktari. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wake hospitalini, na haufanani na kununua vidonge dukani.

Kidole kikiwa kimeshapasuka, kazi huwa kubwa. Daktari huenda akalazimika kupasua sehemu kubwa zaidi, kuosha tumbo na kuacha mrija wa kutoa usaha. Mgonjwa hulazwa kwa wiki moja au zaidi, na uwezekano wa kidonda kuoza au utumbo kushikana baadaye huongezeka. Pale ambapo mwili umelizungushia jipu lenyewe, madaktari huweza kuanza kwa dawa na kulitoa usaha, kisha wakaamua baadaye kuhusu upasuaji.

SAHIHI NA GHARAMA

Mara nyingine mgonjwa amefika, daktari yuko tayari, lakini fomu ya upasuaji haijatiwa sahihi kwa sababu familia inamsubiri baba aliye Mombasa au mzee wa ukoo. Ni vyema ijulikane kuwa mtu mzima mwenye akili timamu hutoa idhini yake mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke, ameolewa au hajaolewa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aliyefika naye ndiye hutia sahihi. Simu kwa wazee ipigwe ili kuwapa habari, lakini upasuaji usisubiri nauli ya mtu.

Gharama nazo huwafanya wengi kusita. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasisitiza haki hiyo hiyo. Kwa hivyo ukosefu wa pesa mkononi usiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Hata hivyo, kujitayarisha mapema humwondolea mtu mzigo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Kujisajili ni bure, kwa kupiga *147# au kupitia Huduma Centre. Usajili huo humwezesha mkazi kuhudumiwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Lakini kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa hulipiwa na mfuko wa bima, na ili mfuko huo ukulipie ni lazima michango yako iwe imelipwa. Wengi hujisajili wakadhani wamemaliza, kisha hugundua tofauti hiyo wakiwa kwenye dirisha la malipo. Hakikisha hali yako leo, na uhakikishe mke, mume na watoto wameandikishwa chini yako.

BAADA YA UPASUAJI

Mgonjwa ambaye kidole chake hakikupasuka kwa kawaida huinuka na kutembea ndani ya siku moja, na kutembea huko husaidia utumbo kuamka na damu kutoganda miguuni. Huanza na vinywaji, kisha chakula chepesi kama uji, halafu chakula cha kawaida.

Nyumbani, kidonda kiwekwe safi na kikavu. Kisitiwe majivu, mafuta wala dawa ya majani. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10. Mwanafunzi anaweza kurudi darasani baada ya wiki moja au mbili akijisikia vizuri, lakini michezo isubiri. Aliyepasuliwa kwa njia ya kawaida asinyanyue vitu vizito kwa wiki 4 hadi 6. Jerikeni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, kwa hivyo majirani na jamaa wamsaidie kuteka maji, kubeba kuni na kulima.

Rudi hospitalini haraka ukiona homa, kidonda kinatoa usaha au kinazidi kuvimba na kuuma, tumbo limejaa, kutapika kumeanza tena, au choo na hewa havitoki.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, mbegu za mapera, nyanya au vijiwe vya mchele ndivyo husababisha ugonjwa huu?
Ni nadra sana mbegu kukutwa ndani ya kidole kilichovimba. Hakuna sababu ya kumkataza mtoto matunda. Vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama matunda na mboga, husaidia choo kuwa laini.

Je, mtu anaweza kuishi bila kidole tumbo?
Ndiyo. Kina chembe za kinga, lakini mwili huendelea vizuri bila chenyewe.

Je, mwanamke aliyepasuliwa anaweza kuzaa?
Ndiyo. Upasuaji huu haugusi mji wa mimba. Kinachoweza kudhuru viungo vya jirani ni usaha wa kidole kilichopasuka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Je, unaambukiza au unaletwa na uchawi?
Hapana. Hauambukizi, wala mtu hatumiwi na mwenzake. Ni kijirija kilichoziba, na anayeweza kukiondoa ni daktari wa upasuaji.

KWA UFUPI

Nenda hospitalini leo, usingoje kesho, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako ana:

• maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia kulia chini;
• maumivu ya tumbo yanayozidi kwa saa kadhaa, pamoja na kutapika, homa au kukosa hamu ya kula;
• maumivu yanayozidi akikohoa, akitembea au akitikiswa;
• tumbo lililokakamaa, au nafuu ya ghafla baada ya maumivu makali.

Beba kitambulisho, namba ya SHA, na dawa zozote alizotumia. Kumbuka saa maumivu yalipoanza. Ukiwa na shaka, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akusaidie kuamua na kupata rufaa. Mtu akipimwa na kuambiwa si kidole tumbo, safari yake haikupotea bure. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa ugonjwa huu methali hiyo ni kweli tupu.